Msaragambo wa Kompyuta

Kama kulikuwa na kitu asichokiweza Sabra duniani, ni kusingiziwa. Njaa angeivumilia, na baridi ya Julai ya Lushoto aliizoea tangu mgongoni kwa mama yake. Lakini umwambie kafanya jambo ambalo hakulifanya, hapo ndipo utamjua. Kwa hiyo Alhamisi ile ya soko, Rahabu alipopanda ngazi za duka lake akihema na kumwambia, "Shoga, mjini wanasema virusi vyote vinatoka kwako," Sabra aliiacha printa iendelee kutema karatasi, akashika kiuno.

"Nani kasema?"

"Uliza nani hajasema."

Duka lenyewe lilikuwa ghorofani, juu ya duka la pembejeo, dirisha limetazama sokoni. Sabra alilifungua miaka ile biashara zilipoachiwa huru na kila kitu kikawa kinapanda mlima kutoka Mombo: mitumba, simu za mkononi, na baadaye kompyuta. Shule zilipata kompyuta, zahanati zikapata, nyumba za wageni zikapata. Printa inayofanya kazi na laini ya intaneti ndivyo vilivyokosekana, ila kwa Sabra. Basi mji mzima ulikuwa ukipanda ngazi zile na flashi shingoni, kila mtu na kamba yake, na wengi walimwita Sabra wa Chapa.

Rahabu alikuwa katibu wa Chama cha Wakulima wa Mboga. Kila wiki aliandika karoti zipo kiasi gani, hoho kiasi gani, njegere kiasi gani, akaja kwa Sabra kuituma orodha kwa barua pepe kwa mnunuzi wao wa Dar es Salaam aliyelisha mahoteli. Na siku ile uso wake ulikuwa umemshuka kweli kweli.

"Mnunuzi amekataa barua yetu," alisema. "Wamefunga programu ya mlinzi kwenye kompyuta zao huko. Kila akiifungua barua yetu mlinzi anakuta kirusi, anaitupa nje. Ametupa muda hadi mwisho wa mwezi tuwe tumejisafisha. La sivyo atanunua kwingine."

"Na Mzee Rashidi anasemaje?"

Rahabu akatazama dirishani. Mzee Rashidi alikuwa mwenyekiti wa chama. "Anasema usipomaliza huu ugonjwa, kazi zetu zote zitahamia Korogwe. Na akihama yeye, Sabra, unajua mwenyewe nani atabaki."

Sabra alijua. Hatabaki mtu. Mzee Rashidi ndiye aliyeshika pembe ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji wa maji. Akiipuliza asubuhi, wanaume wanaacha chai mezani. Mtu wa namna hiyo akisema duka la fulani lina ugonjwa, hata mama yako mzazi atakwenda kuchapa Korogwe.

Kilichomuuma ni kwamba alikuwa msafi. Alinunua programu ya kuzuia virusi kabla ya mtu yeyote Lushoto, akailisha habari mpya za virusi kutoka intaneti kila asubuhi kabla hajapiga hata mswaki. Flashi ya mteja ilikuwa haichapwi mpaka ioshwe. Lakini wiki iliyofuata flashi ile ile ilirudi chafu: mafaili ya kweli yamefichwa, na mahali pake pamekaa ya uongo yenye majina yale yale. Ukibofya "Karoti" unadhani unafungua karoti, kumbe umemfungulia mwizi mlango.

Katika siku hizo ndipo akaja Tobia. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilimtuma kuuza programu za kinga, zikiwa ndani ya maboksi mekundu ya kung'aa. Kwa asili alikuwa Msambaa, ila alizaliwa na kukulia Tanga mjini, na Kishambaa chake kilikuwa cha kuamkia tu. Alikusanya watu katika ukumbi wa kanisa la Kilutheri, Waislamu kwa Wakristo, akasimama mbele na shati lake jeupe.

"Ndugu zangu, soko la ulinzi wa kompyuta limebadilika," alisema. "Zamani tuliwauzia mabenki tu. Siku hizi wezi wamegundua kwamba wakubwa ni wachache na wana walinzi, wadogo ni wengi na hawana kitu. Wanakuja kwenu! Kwenye duka, kwenye shule, mpaka nyumbani. Hata hizo simu zenu, iko siku zitataka mlinzi."

Watu walizitazama simu zao mmoja mmoja, wakacheka.

"Jambo la pili. Siku hizi hatuuzi kitu, tunauza mwaka. Mwaka ukiisha unalipia tena, kwa sababu wezi nao hawalali."

Mzee Rashidi akanyanyua mkono. "Mwanangu, zindiko lako linakwisha Desemba? Sisi huku milimani tuna waganga, tena wa kutosha. Sijamsikia hata mmoja akitaja tarehe."

Ukumbi uliangua kicheko, na Tobia mwenyewe akacheka mpaka akatoa leso. Lakini walinunua. Huko Usambara, ukisema unauza kinga utasikilizwa, hata kama umevaa tai.

Na hapo ndipo watu wetu walipoharibu. Mtu ambaye shamba lake limezindikwa hulala fofofo, halitazami tena, kwa kuwa kazi ya kulitazama ameshamkabidhi mwingine. Walifanya vile vile kwa maboksi ya Tobia. Programu iliwekwa mara moja, boksi likasimamishwa juu ya monita, juu ya kile kitambaa cheupe cha kufuma, lionwe na kila anayeingia. Habari mpya hakuna aliyeilisha, kwani intaneti iko wapi? Na kwa vile sasa kila mmoja alijiona ana kinga, flashi ziliazimwa kuliko zamani. Mwalimu alimpa mhudumu wa nyumba ya wageni, huyu akampa karani wa zahanati, nyimbo na picha za harusi zikazunguka mji mzima.

Alhamisi iliyofuata Rahabu alipanda ngazi tena. Safari hii hakuhema, alikuwa analia. Orodha yake yote imefichwa, na boksi jekundu lipo juu ya monita linang'aa. Kirusi kilikuwa kimebadili sura. Sabra aliifichua orodha, akaiosha, akajaribu kuituma, na baada ya muda jibu likarudi kutoka Dar es Salaam: bado chafu.

Sabra aliketi, akaitazama mashine yake mwenyewe. Programu yake ilikuwa inakijua kirusi cha juzi. Cha leo ilikipisha kikapita mlangoni kwa adabu zote. Ina maana kilipita kwake. Kila flashi ya Lushoto ilipita kwake, kwa hiyo kila uchafu wa Lushoto ulipita kwake. Lile alilokuwa anaapa kuwa ni kusingiziwa lilikuwa kweli nusu nzima, na aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Jumamosi pembe ikalia. Ilikuwa zamu ya kuzibua mfereji unaoshuka kutoka msituni kwenda kwenye bustani za mboga, na Sabra alikwenda na jembe kama kila mtu, maana bustani ya mama yake ilinyweshwa na mfereji ule. Kila familia ilisimama kwenye kipande chake. Alipochelewa kufika wa juu yake, Sabra alianza kuzoa tope peke yake, akasafisha kipande chake mpaka chini ukaonekana mchanga. Hajanyoosha mgongo, wa juu akafika, akachimba, na tope lake lote likaja kutua kwa Sabra.

"Hebu subiri!" alipiga kelele. "Nimeshasafisha!"

Mzee Rashidi alikuwa anapita ukingoni na pembe yake kwapani. "Umeshasafisha peke yako," alisema bila kumtazama. "Ndiyo maana tunapuliza pembe. Mfereji hausafishwi kwa vipande."

Sabra alisimama na jembe lake ndani ya maji baridi. Halafu akacheka kwa sauti, peke yake, mpaka jirani akadhani tope limemwingia kichwani.

Alimkimbilia mzee. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Ilikuwa marahaba ya baridi.

"Naomba uipulize hiyo pembe kwa ajili ya kompyuta."

Majembe ya karibu yakanyamaza. Mzee Rashidi akamgeukia taratibu. "Wewe ndiye uliyetia tope, binti. Leo unataka nikuitie watu?"

"Tope limepita kwangu, baba, sikatai," Sabra alisema, na alisema kwa sauti ili wasikie wote. "Limepita kwangu kwa sababu wote mnapita kwangu. Nimeosha flashi zenu moja moja, kumbe nilikuwa nazibua kipande changu huku wa juu bado wanachimba. Mashine zote za mji huu ziletwe siku moja, ukumbi mmoja. Zioshwe zote kabla hata moja haijarudi nyumbani. Na sheria iwe hii hii ya mfereji. Asiyekuja hapewi zamu ya maji: flashi yake isiingie kwenye mashine ya mtu."

"Na ugonjwa ukirudi?"

"Nitafunga duka mwenyewe. Sitakungoja uhamie Korogwe."

Mama Halima, mama yake Sabra, aliyekuwa amesimama na beleshi, alijishika mdomo. Mzee Rashidi alimtazama Sabra. Alikuwa mtu mkali, ila hakuwa mtu mbaya, na neno la msaragambo lilikuwa limemgusa pale panapostahili.

"Jumamosi ijayo," alisema. "Pembe nitaipuliza."

Sabra alimpigia simu Tobia siku ile ile, matope miguuni. Alimtaka aje na habari mpya kabisa za kinga, za asubuhi hiyo hiyo, kwenye CD. Alimtaka pia baada ya hapo awe anampakilia CD mpya kwenye basi kila wiki, ili yeye Sabra azigawe.

"Dada Sabra, kampuni yangu haiuzi hivyo," Tobia alisema. "Sisi tunauza boksi kwa mtu, habari mpya anajitafutia."

"Maboksi yako yanapendeza sana, kaka. Yamesimama juu ya vitambaa. Mwakani unadhani nani atalipia tena pambo la monita?"

Halafu Tobia akacheka kile kicheko chake cha ukumbini. "Nakuja," alisema.

Naye alikuja. Jumamosi hiyo Lushoto iliona mambo. Pembe ililia kabla ukungu haujaondoka, na kompyuta zikaanza kutoka majumbani. Nyingine zilikuja kwa toroli, nyingine kwa pikapu ya kabichi zikiwa zimefungwa blanketi. Mwalimu mmoja kutoka Malindi ya huku huku Lushoto aliipakata ya shule yake njia nzima kama mgonjwa. Wa Irente, wale wa jibini na jamu, walileta yao ndani ya tenga. Wanawake walibeba monita kichwani, kitambaa cha kufuma kikiwa bado juu yake, na baadhi na boksi jekundu pia. Imamu alikwisha kutangaza Ijumaa, na mchungaji ndiye aliyefungua ukumbi.

Sabra alikuwa na khanga kiunoni, sauti imemkauka, anatoka meza hadi meza. Tobia alivua tai. Walimu wawili waliojua kompyuta walipewa safu ya nyuma. Mashine ilipomalizika haikuruhusiwa kuondoka. Ilikaa palepale, na flashi zote zikawekwa kwenye ungo mmoja mbele, zikaoshwa moja baada ya nyingine. Kila yalipojitokeza mafaili yaliyofichwa, kelele ilipigwa. Karani wa zahanati aliona picha za harusi yake zilizopotea akamkumbatia Tobia, ambaye hakujua aweke wapi mikono.

Rahabu ndiye aliyekuwa anaandikisha waliofika. Alasiri alimsogelea Sabra, akamnong'oneza. "Bado moja."

"Ya nani?"

Rahabu akaifunika orodha kwa kiganja. "Ya Mzee Rashidi. Siyo ya chama, hiyo ipo. Ya nyumbani kwake. Binti yake alimwachia."

Sabra aligeuka kumtafuta mzee. Alikuwa mlangoni, hatua mbili tu kutoka kwao, pembe kifuani, anasimamia kila kitu, na alikuwa amewasikia. Alikohoa.

"Hiyo haihusiki," alisema. "Hiyo ni ya mezani tu. Halafu ina boksi."

Ukumbi ulinyamaza, kama unavyonyamaza mtu mkubwa anapokanyaga pabaya. Huyu ndiye mshika pembe, ndiye wa Korogwe, na neno lake moja lilitosha kulifunga duka. Akachutama kidogo, kwa heshima, akasema polepole:

"Baba, asiyekuja hapewi zamu ya maji."

Mzee Rashidi alitazama chini. Kisha aliiweka pembe yake mezani, akatoka. Watu walidhani ameondoka kwa hasira, na Rahabu akaanza kulia tena. Lakini kabla jua halijafika kwenye milima, wale waliokuwa nje walianza kupiga vigelegele. Mzee alikuwa anapanda barabara amebeba kompyuta yake mwenyewe, ameifunga kwa kitenge cha mkewe, na kila kijana aliyetaka kumpokea alimfukuza kwa macho.

Sabra aliiwasha mwenyewe. Alichokikuta kilimfanya amsogeze Tobia pembeni. Kompyuta ile ilijaa virusi mpaka ilikuwa inahema, na vyote vilikuwa vimejificha ndani ya mchezo wa karata ulionakiliwa huko mjini. Mzee alikuwa anacheza karata. Na flashi ya chama, ile aliyokuwa anapeleka nyumbani "kuzisoma hesabu," ndiyo iliyokuwa inatumika kubebea michezo mipya. Kila Sabra alipoiosha, jioni ilirudi kwenye karata, asubuhi ikaenda ofisini, na kutoka ofisini ikaenda kila mahali.

Angeweza kusema. Pale pale, mbele ya mji mzima, baada ya maneno yote yale yaliyosemwa juu yake. Ulimi ulimwasha kweli. Alimtazama mzee aliyekuwa amekaa kwenye benchi, jasho linamtoka, mikono magotini, anangoja.

"Imekwisha, baba," alisema. "Ilikuwa na vumbi kidogo."

Alhamisi ya mwisho wa mwezi duka la Sabra lilijaa mpaka ngazini. Hakuna aliyekuja kuchapa, wote walikuja kuona. Rahabu alichomeka flashi, na orodha ikafunguka: karoti, hoho, njegere, letasi, kila kitu mahali pake. Sabra akaituma. Laini ya simu iliguna na kukoroma kama kawaida yake, halafu wakangoja. Chini sokoni walikuwa wanapakia matenga. Mama Halima alikuwa anavuta tasbihi. Tobia, aliyeliacha basi lake limpite makusudi, alikuwa anatafuna kucha.

Jibu lilipoingia, Sabra alilisoma mara ya kwanza peke yake. Kisha akalisoma kwa wote: "Barua imefika salama, ni safi. Leteni karoti zote."

Watu walipiga kelele mpaka muuza pembejeo wa chini akatoka nje kutazama kama nyumba inaanguka. Rahabu alimnyanyua Sabra akamzungusha. Tobia alisema kwamba kampuni inataka Sabra awe wakala wao wa milima yote, kutoka Soni mpaka Sigi, na kwamba msaragambo utakuwa kila mwaka leseni zinapoisha, kwa masharti atakayoyaandika Sabra mwenyewe. Sabra alisema atayafikiria, na kila mtu aliona meno yake yote yakicheka.

Mzee Rashidi aliwapita watu, akaenda mpaka dirishani, akalifungua, akapuliza pembe. Soko zima likanyanyua vichwa: wauza viazi, wanunuzi, wapakiaji wa malori.

"Nisikilizeni!" alisema kwa ile sauti yake ya mferejini. "Nilisema mimi kwamba ugonjwa wa kompyuta unatoka kwa Sabra. Nilisema sokoni, na leo nasema sokoni. Ulitoka kwangu. Nyumbani kwangu, kwenye karata. Huyu binti aliuona, akasema ni vumbi."

Halafu mwanamke mmoja wa viazi akauliza kutoka chini, "Karata, mzee?"

"Karata," alijibu Mzee Rashidi bila kupepesa. "Na ninashinda."

Kicheko kilipanda kutoka sokoni kikaingia dirishani, kikawakumba wote waliokuwa ndani, na mzee akacheka kuliko wote. Sabra alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, hajui afute nini kwanza. Mzee akamgeukia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Hongea mno, mwanangu," alimshukuru kwa Kishambaa.

Kisha akatoa flashi mfukoni, akatazama foleni ndefu ya kuosha flashi iliyokwisha kujipanga mpaka ngazini, akatembea polepole akasimama nyuma ya mtu wa mwisho, angoje zamu yake.